Fizi zinatoka damu: baridi isibebeshwe makosa ya watu

Goma – Mwezi wa sita ukifika, mvua ikikatika na vumbi jeusi la volkeno likianza kuruka barabarani, kilio kimoja kinarudi katika familia za wakimbizi wa vita: fizi zinavimba, zinatoka damu, kinywa kinanuka. (Fizi za mdomoni, si teritware ya Fizi.) Mwezi wa tisa mvua inarudi, na kilio hakiishi. Kinachobadilika ni mshitakiwa tu. Wakati wa kiangazi kosa ni la vumbi, wakati wa mvua kosa ni la baridi.

Mama anayeuliza anapewa jibu lile lile kwa jirani, kwa muuza dawa, wakati mwingine hata kwa mtu aliyevaa koti jeupe: "Ni hali ya hewa, mama. Itapita." Jibu hilo linapendwa kwa sababu halimgharimu mtu hata franka moja. Baridi haiitwi kwenye mkutano ijieleze.

Ugonjwa wa fizi unaletwa na mikrobe zinazokaa katika utando laini unaojijenga kwenye meno kila siku, kwa tajiri na kwa maskini. Usipoondolewa, unakuwa mgumu kama chokaa na brosi haiutoi tena. Fizi inawaka, inavimba, ikiguswa inatoka damu. Katika hatua hiyo ya kwanza inapona kabisa ikisafishwa vizuri. Ikiachwa miaka, mfupa unaoshika jino unalika, na mfupa huo haurudi. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na usiku wake ni wa baridi. Kalemie kuna joto. Utando huo uko Goma na uko Kalemie.

Je, hali ya hewa haina mkono kabisa? Inao, lakini inapitia mlango wa nyuma. Mlango wa kwanza ni maji. Udongo wa Goma ni mawe ya lava. Mvua inanyesha na kupotea chini, hakuna mto wa kuchota. Watu wanategemea maji ya bati na ziwa. Mvua ikikatika, safari ya kwenda Ziwa Kivu inaanza, bido mgongoni au kwenye chukudu kwa mwenye pesa ya kulipa. Kanuni za Sphere, ambazo mashirika ya kiutu yenyewe yanazitaja, zinasema lita 15 kwa mtu mmoja kwa siku. Familia ya watu saba yenye bido moja ya lita 20 haipati hata lita tatu kwa mtu. Hapo mama atapika, atanywesha, ataosha mtoto mchanga. Kinywa kinangoja. Na mtu asiyekunywa vya kutosha, tena aliyeziba pua kwa mafua ya vumbi na kulala mdomo wazi, anakaukiwa na mate, nayo mate ndiyo yanayolinda meno na fizi mchana na usiku.

Mlango wa pili ni chakula. Mwanamke aliyetoka Masisi alikuwa na shamba, lengalenga nyuma ya nyumba, mapera njiani. Leo ana nafasi chini ya turubai, na ugawaji ukifika ni unga, maharagi, mafuta na chumvi. Mwili ukikaa miezi bila matunda wala mboga mbichi, unakosa vitamini C, na fizi zinatoka damu hata kwa anayepiga brosi asubuhi na jioni. Mlango wa tatu ni tumbaku, ambayo wanaume wanasema ni ya kufukuza baridi. Tumbaku inapunguza damu kwenye fizi, mtu anaona amepona, kumbe ugonjwa unaendelea kula chini.

Milango yote hiyo mitatu, hakuna hata mmoja ambao mawingu ndiyo yanaushikia ufunguo. Orodha ya ugawaji inaandikwa na watu, mezani, ofisini. Sabuni inawekwa, ndoo inawekwa, blanketi inawekwa, na ni vizuri. Brosi ya meno mara nyingi inaonekana kama anasa, kama vile mkimbizi aliacha meno yake kijijini. Wanaojitetea kwamba maji hayatoshi wajue kwamba kupiga brosi kunahitaji nusu ya kikombe.

Kuna zawadi moja ambayo anga ya Goma inaleta kweli, na inachanganya watu. Mvua inayopita katika moshi wa Nyiragongo na Nyamulagira inabeba floridi, na watoto wanaoinywa miaka mingi wanaota meno yenye madoa ya kahawia. Ni tatizo jingine. Kusugua madoa hayo kwa mchanga au makaa, kama wengi wanavyofanya, hakuyaondoi. Kunachubua fizi na kula jino. Mti wa mswaki uliotafunwa ukawa laini ni bora zaidi, na maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, ya kusukutua tu, yanatuliza.

Lakini kinachofanya neno "itapita" kuwa la hatari ni watoto wadogo. Mtoto aliyekonda, aliyetoka kuugua surua au malaria, anaweza kuanza na damu kwenye fizi na mwisho wake ukawa noma. Kidonda kinaanza kwenye fizi, na kwa siku chache kinakula shavu mpaka nje. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, OMS, karibu watoto tisa kati ya kumi wasiotibiwa wanakufa, na wanaopona wanabaki na uso ulioharibika. Mwezi wa kumi na mbili 2023, OMS iliuweka ugonjwa huo kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahaulika. Ukikamatwa mapema, antibiotiki za kawaida, usafi wa kinywa na chakula bora vinausimamisha. Mama aliyeambiwa angoje baridi ipite anapoteza siku hizo hizo chache.

Kwa hiyo mtoto mwenye fizi zenye vidonda, zinazonuka, au shavu linalovimba, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, mvua inyeshe au isinyeshe. Na zoni za afya zisisingizie kukosa munganga wa meno. Watoto wa wakimbizi wanapimwa mkono kwa utepe wa rangi ili kujua nani amekonda. Mtoto yuko pale, mama yuko pale, mhudumu yuko pale. Kumwambia mtoto afungue kinywa kunachukua nusu dakika, na taa ya simu inatosha.