Kumbukumbu Imetiwa, Kompyuta Haiioni

Kompyuta imekwisha kuingia majumbani na vibandani kama ilivyoingia cherehani zamani. Mama aliyetaka kujitegemea alinunua cherehani akaiweka barazani. Leo yuko anayenunua kompyuta ya mezani iliyokwisha kutumika na mashine ya kutolea nakala, akapiga chapa barua, mikataba ya mashamba na mitihani ya shule. Chombo kikimtii, karo ya watoto hupatikana. Kikimgomea, si kazi tu inayosimama. Hata upendo wa nyumbani waweza kuingia doa.

Na uchukuliwe mfano wa mama mmoja wa Kwapa, katika wilaya ya Tororo, karibu na mpaka wa Uganda na Kenya. Kompyuta yake ilikuwa na kumbukumbu ya kazi, ambayo mafundi huiita ramu, ya gigabaiti 2 tu. Kila alipofungua mtihani wenye michoro, mashine ilizubaa. Akashauriwa aongeze kipande cha gigabaiti 4. Basi akatoa fedha alizoziweka kwa karo, akampa mtoto wa kaka yake, naye kijana akaenda Busia, akanunua, akarudi, akafungua kasha la mashine na kukitia mwenyewe.

Mashine ilipowashwa, hesabu ilikuwa ile ile: gigabaiti 2.

"Mwanangu," akauliza mama, "fedha zangu ziko wapi?"

"Shangazi, kipande kimo humo ndani. Nimekitia kwa mkono wangu."

Lakini kijana hakuwa na stakabadhi, na kioo cha kompyuta kilikuwa kikishuhudia dhidi yake. Usiku ule alikwenda kulala bila ya kula.

Nyumba nyingi zimekwisha kupatwa na msiba wa namna hii, na aghalabu anayelaumiwa hana kosa. Kabla ya kumhukumu mtu, yafaa mashine yenyewe ihojiwe kwa utaratibu.

MAHALI PAWILI PA KUULIZA

Kompyuta huhesabu kumbukumbu yake mahali pawili. Hesabu ya kwanza hufanywa na bayosi, yaani programu ndogo iliyomo katika ubao mkuu, ambayo huamka kabla ya nyingine zote. Katika mashine nyingi huonekana kwa kubonyeza kitufe cha F2, F10 au Delete mara tu mashine inapowashwa. Hesabu ya pili hutolewa na Windows, katika ukurasa unaoeleza habari za mashine.

Hapa ndipo penye ufunguo wa shauri zima. Ikiwa bayosi haikioni kipande kipya, kosa limo katika vyombo vyenyewe: kipande, mfereji wake, au ubao. Ikiwa bayosi inakiona lakini Windows haikitumii, kosa limo katika programu, wala hapana haja ya kununua kitu kingine.

BAYOSI ISIPOKIONA

Kwanza mashine izimwe na waya wa umeme uchomolewe. Kisha kitufe cha kuwashia kibonyezwe kwa muda kidogo ili umeme uliobaki uishe, na mfanyaji kazi aguse chuma cha kasha kabla ya kugusa kipande. Mwili wa binadamu hubeba umeme tuli ambao hausikiki, lakini waweza kuua kipande cha kumbukumbu.

Pili, kipande kitolewe na kutazamwa. Kila kipande kina pengo dogo katika ukingo wake, na mfereji una kigingi kinacholingana na pengo hilo. Vipande vya aina ya DDR2 na DDR3 vya kompyuta za mezani vyote vina miguso 240, lakini mapengo yao hayako mahali pamoja. Vile vya DDR4, vilivyoanza kutumika mwaka 2014, vina miguso 288. Aina moja haiwezi kukaa katika mfereji wa nyingine, na anayelazimisha huvunja ubao.

Tatu, miguso ya rangi ya dhahabu isafishwe. Vumbi la miezi ya kiangazi, kuanzia Desemba hadi Februari, huingia kila mahali, na jasho la vidole huacha utando. Kifutio cheupe laini cha mwanafunzi kikipitishwa polepole, kisha makombo yake yakaondolewa kwa kitambaa kikavu, aghalabu chatosha. Maji hayatakiwi kabisa.

Nne, kipande kirudishwe kikiwa kimesimama wima, kikandamizwe ncha zote mbili mpaka vishikizo vya mfereji vijifunge vyenyewe na mlio mdogo usikike. Kipande kilichoingia upande mmoja tu huonekana kwa macho kuwa kimekaa, kumbe hakigusi.

Bado kikikataa, kijaribiwe peke yake katika kila mfereji, na kile cha zamani vivyo hivyo. Kipande kikikubali katika mfereji mmoja na kukataa katika mwingine, mfereji ndio mbovu, au miguu midogo iliyo chini ya prosesa imepinda. Kazi hiyo ya pili ni ya fundi. Kipande kikikataa kila mahali, na katika mashine nyingine inayokipokea kikakataa pia, hapo kimekufa.

Liko jambo jingine linalowapata wanunuzi wengi. Ubao una kikomo chake. Ule wenye chipu ya Intel G31 hauvuki gigabaiti 4, na wa G41 hauvuki 8, hata mtu akitia kumbukumbu ya namna gani. Tena viko sokoni vipande vya bei nafuu vilivyotengenezwa kwa ajili ya mashine zenye prosesa za AMD tu, na vingine vya kompyuta kubwa za ofisini zinazohudumia mashine nyingi. Kwa umbo hulingana na mfereji, lakini katika mashine nyingi za kawaida hukataa. Kwa hiyo mnunuzi achukue kipande cha zamani mkononi, akilinganishe dukani, na asiondoke bila ya stakabadhi.

WINDOWS ISIPOKITUMIA

Yule mama wa Kwapa alipopoa hasira, alimwita kijana, wakaketi pamoja mbele ya mashine. Bayosi ilionyesha 2. Wakafungua kasha, wakaona kishikizo kimoja hakikufunga. Kipande kikasafishwa, kikakandamizwa vizuri, na bayosi ikaonyesha 6. Kijana akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

Lakini furaha yao haikudumu. Windows ilipofunguka iliandika kwamba gigabaiti 6 zimetiwa, na zinazoweza kutumika ni 3.25 tu. Nusu ya mali ilikuwa imepotea tena, na safari hii hapakuwa na wa kushukiwa.

Sababu yake ni hesabu. Windows ya biti 32 huipa kila baiti ya kumbukumbu namba yake, kama posta inavyoyapa namba masanduku ya barua. Namba zinazopatikana kwa biti 32 ni 4,294,967,296, yaani gigabaiti 4, basi. Sehemu ya namba hizo hutengwa kwa vyombo vingine vya mashine, kama kile kinacholeta picha kiooni. Zinazobaki kwa kawaida ni kati ya 3 na 3.5. Masanduku mengine yapo, lakini mpeleka barua hana namba zake.

Dawa yake ni kutia mfumo wa biti 64, ikiwa prosesa yaukubali, na nyingi zilizotengenezwa tangu familia ya Intel Core 2 ya mwaka 2006 zaukubali. Kazi hiyo hufuta diski. Hapana budi kila hati inakiliwe kwanza mahali pengine, hasa mitihani na mikataba ya watu. Na kwa kuwa Windows 10 iliacha kupewa matengenezo ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani hazikubaliwi na Windows 11, mfumo wa Linux, ambao hupatikana bure, wastahili kufikiriwa.

Kabla ya hapo, vitazamwe vitu viwili vidogo. Kibonyezwe kitufe cha Windows pamoja na R, liandikwe neno msconfig, na katika maelezo ya zaidi ya sehemu ya kuwashia mashine, kisanduku cha kikomo cha kumbukumbu kikiwa na alama, alama hiyo iondolewe. Pia ijulikane kwamba mashine isiyo na kadi yake ya picha hukopa megabaiti kadhaa katika kumbukumbu ya kazi. Upungufu huo mdogo si ugonjwa.

FUNZO

Mama wa Kwapa alinakili hati zake katika diski ndogo ya mfukoni, na fundi akatia mfumo wa biti 64. Gigabaiti 6 zikaonekana, zikatumika, na mitihani ya shule ikatoka kwa wakati. Lakini kabla ya fundi kuitwa, mama alikuwa amekwisha kumwandalia kijana chakula na kumwambia, "Mwanangu, nilikudhania vibaya."

Kipande cha kumbukumbu kilichoharibika hununuliwa kingine. Jina la kijana mwaminifu likiharibiwa ukweni na mitaani halinunuliwi dukani. Basi ikiwa mashine haionyeshi kilichotiwa, iulizwe kwanza bayosi, iulizwe na Windows, kisha ndipo aulizwe mtu, naye kwa upole.