Land Rover imebadilishwa injini, springi je?

Siasa leo naiweka pembeni, naomba nichokoze mada ya magari.

Ukipita njia ya Kasulu, Makere mpaka Kibondo utazikuta bado, Land Rover za zamani, 88 na 109, nyingine zimenizidi umri. Mchana zinabeba maharage na mahindi, usiku mtu akizidiwa zinageuka ambulensi. Fungua boneti sasa! Injini ya Mwingereza iliondoka siku nyingi, ndani kumelala Isuzu au Toyota ya dizeli. Hapo sina ugomvi. Jeshi la Australia lenyewe liliagiza Land Rover 110 zenye Isuzu ya lita 3.9 katika miaka ya 1980, kwa hiyo wanaosema mafundi wetu wanafanya uhuni wanawaonea tu. Ugomvi wangu uko chini zaidi, kwenye springi za mbele.

Baba mdogo wangu pale Kasulu ana Series III. Petroli ya lita 2.25 iling'olewa, ikaingia dizeli ya Kijapani, gari likainama mbele. Fundi akasema dawa ni moja: bapa mbili nene za springi ya lori kila upande. Gari likasimama kama jogoo, kila mtu akasifia. Siku moja tukampakia mama mjamzito kutoka kijijini kwenda hospitali. Kila shimo lilimfikia mgongoni kama nyundo, tukalazimika kwenda mwendo wa baiskeli, na uchungu hausubiri mtu. Alijifungua salama, tunashukuru. Miezi michache baadaye chasisi ikaonekana ina ufa, palepale springi inaposhikiliwa.

Hebu tuangalie hesabu, si ngumu. Ugumu wa bapa haupandi sawasawa na unene wake, unapanda kwa unene uliozidishwa mara tatu kwa wenyewe. Bapa yenye unene mara mbili ni ngumu mara 8! Ndiyo maana bapa ya lori si nyongeza ndogo. Ukiongeza bapa moja yenye unene uleule kwenye fungu la bapa 9, ugumu unapanda kwa kama asilimia 11 tu. Tofauti ni kubwa mno.

Halafu watu wanachanganya ukubwa wa injini na uzito wake. Ile V8 ya Rover imetengenezwa kwa alumini, haina uzito wa kutisha hata ukiilinganisha na silinda nne ya chuma. Kwa hiyo usiniambie "injini kubwa, springi ngumu". Niambie kilo ngapi! Peleka gari kwenye mizani ya magari, magurudumu ya mbele peke yake, kabla na baada. Tuseme zimeongezeka kilo 60, basi kila upande umepata 30. Kama springi yako inashuka sentimita 1 kwa kila kilo 30, gari limeshuka sentimita 1, basi. Kwa sentimita moja ndiyo umpige mgonjwa nyundo?

Kama limeshuka sentimita 5, basi kuna jingine. Mara nyingi springi zenyewe zimechoka. Chuma kilichobeba gari miaka 40 kinanyooka, hata ungerudisha injini ya mwanzo. Kiwanda chenyewe kilijua mambo ya uzito: 88 ya dizeli ilipewa springi za mbele ngumu kuliko ya petroli. Na springi ya kulia si pacha wa ya kushoto, ya dereva imepindwa zaidi, maana upande huo una mtu na mara nyingi tangi la mafuta. Ukizibadilishana, gari litaegemea upande mmoja, utamlaumu fundi bure.

Najua jibu la mafundi: "Huku tunabeba mizigo." Sawa, mzigo unakaa wapi? Nyuma! Gunia la maharage halikai juu ya radieta. Cha kuhesabu mbele ni injini, gurudumu la akiba kama liko juu ya boneti, na yale mabomba ya kuzuia ng'ombe, ambayo wengi wanayafunga kwa urembo.

Wengine watasema lami inajengwa, mada imepitwa na wakati. Lami ni ya barabara kuu, jamani. Ukikata kona kuingia kijijini ni vumbi na makorongo yaleyale, na wagonjwa wako huko.

Kuhusu bei: seti ya springi za dizeli kutoka Gerezani, Dar, pamoja na nauli ya mzigo, inauma, sikatai. Baba mdogo alilalamika wiki nzima. Lakini kuchomelea chasisi nako alilipia, na wakati gari liko juu ya mawe hakuna aliyemlipa hata mia.

Bapa za lori bado ziko nyuma ya nyumba yake. Anayetaka kutengeneza majembe aje achukue.