Mchagua Jembe si Mkulima

Wahenga walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Usemi huo ulitimia katika maisha ya Bibi Anni Albers, aliyezaliwa Berlin, Ujerumani, mwaka 1899, na ambaye huhesabiwa miongoni mwa wafumaji mashuhuri wa karne ya 20.

Mwaka 1922 Bibi huyo alijiunga na chuo cha sanaa na ufundi kiitwacho Bauhaus. Alitamani kujifunza sanaa ya vioo, lakini wanawake wengi chuoni humo walielekezwa kwenye karakana ya ufumaji. Aliingia huko shingo upande, kwa kuwa aliidharau kazi ya nyuzi. Hata hivyo, badala ya kunung'unika, alianza kuzijaribu nyuzi ili ajue zina uwezo gani.

Majaribio hayo yalizaa matunda. Kwa ajili ya ukumbi wa chuo cha vyama vya wafanyakazi huko Bernau, alifuma kitambaa cha ukutani kwa pamba na selofani, ile karatasi nyembamba ing'aayo kama kioo. Pamba ilimeza sauti ili kuzuia mwangwi, na selofani ikarudisha mwanga ukumbini. Kwa kazi hiyo alitunukiwa diploma mwaka 1930.

Mwaka 1933 chuo cha Bauhaus kilifungwa kwa shinikizo la utawala wa Nazi. Bibi Albers, ambaye ukoo wake ulikuwa wa Kiyahudi, alihamia Marekani pamoja na mumewe, Bwana Josef, wakafundisha katika chuo cha Black Mountain. Kutoka huko walisafiri mara nyingi kwenda Meksiko. Huko waliona mapambo ya kale ya Monte Albán ambamo dhahabu na vitu vya kawaida viliunganishwa bila ubaguzi. Aliporudi, yeye na mwanafunzi wake Alex Reed walitengeneza mikufu ya vichujio vya sinki, vibanio vya karatasi na vibanio vya nywele.

Lakini walimu aliowaheshimu kupita wote ni wafumaji wa kale wa Peru. Aliwatabarukia kitabu chake cha mwaka 1965. Wengi wao walifuma kwa vijiti na mkanda tu: ncha moja ya mtande hufungwa mtini, na ya pili kiunoni mwa mfumaji, ambaye huukaza kwa kuegemea nyuma. Kazi ikiisha, chombo chote hukunjwa kikabebwa mkononi. Kwa sababu hiyo aliwataka wanafunzi wake wajifikirie wako jangwani Peru, hawana kitu, waanze kubuni upya. Aliwapa punje za mahindi na majani makavu, wayapange yafanane na kitambaa.

Mwaka 1949 jumba la sanaa za kisasa la New York lilionyesha kazi zake. Hakuna mfumaji aliyewahi kupewa humo maonyesho ya peke yake kabla yake. Alifariki mwaka 1994.

Jamaa za askari huhamahama, na mara nyingi vyombo vyao hubaki nyuma. Mama aliyefika kambi mpya mikono mitupu na awape watoto wake punje za mahindi, nyasi na kipande cha karatasi, kisha atazame watakachokibuni. Bibi Albers naye alianza upya ugenini, na uzi alioudharau ndio uliomlea.