Ayubu hakunyamaza

Wazee wangu wa kanisa, mnisamehe. Mimi ni kijana tu, nimeishia sekondari, kazi yangu ni kukusanya vijana wenzangu pale uwanjani. Lakini hili nimeshindwa kulimeza.

Mwezi uliopita, kwenye maombi ya kina mama hapa kambini, mjane mmoja alisimama. Jina la mtoto wake wa mwisho limetoka kwenye kadi ya chakula. Ameenda ofisini mara mbili, mara mbili amerudishwa. Aliomba mtu wa kumsindikiza, basi. Akajibiwa mbele ya wote: "Mama, nyenyekea. Ayubu alipoteza vyote na hakunung'unika." Watu wakaitikia amina. Mama akakaa. Mpaka leo hajarudi ofisini.

Jamani, huyo ni Ayubu wa wapi? Mama yule alivuka Ziwa Tanganyika na watoto wanne mgongoni na mkononi. Kuvumilia si wa kufundishwa.

Kitabu hicho nimekisoma chote, usiku, kwa tochi ya simu. (Wenye Biblia inayomwita Yobu, ni huyo huyo.) Kina sura 42. Ule uvumilivu tunaohubiriwa kila Jumapili uko katika sura 2 za mwanzo. Sura ya 3 tu, Ayubu anafungua kinywa na kuilaani siku aliyozaliwa. Tangu hapo analia, anadai, anataka kesi yake isikilizwe na Mungu mwenyewe. Sasa nani anamwambia akubali tu, labda amekosa? Ni Elifazi, Bildadi na Sofari, rafiki zake, watu wa maneno mazuri ya dini. Hata hao nawasifu kwa jambo moja: walipofika walikaa naye chini siku 7 bila kusema neno. Sisi na yule mama hatujakaa hata saa moja.

Na mwisho Mungu anamkasirikia nani? Elifazi na wenzake wawili! Anawaamuru watoe sadaka ya ng'ombe dume 7 na kondoo dume 7, na Ayubu yule yule mlalamikaji ndiye awaombee.

Mtaniambia alitubu mavumbini. Ndiyo, mbele za Mungu. Mbele ya wale watatu hakuinama hata kidogo. Sisi unyenyekevu kwa Mungu tumeugeuza kuwa woga wa karani.

Na nyinyi wa mashirika, msicheke pembeni. Mkimbizi mpole mnampenda, anayeuliza mara ya tatu mnamwita msumbufu. Yule mjane wa Luka 18, aliyemrudia kadhi mpaka kadhi akachoka, angefika dirishani kwenu mngemwitaje?

Nimemwambia mama twende wote Jumatatu. Hajanijibu, anaogopa ataonekana hana imani. Mzee uliyemjibu siku ile, nyumba yake unaijua. Nenda umwambie aende. Akikuomba umsomee Ayubu, anzia sura ya 3.