Usitupe besi kuukuu kabla ya kuipima

Wasomaji wangu, kuna ugonjwa tunaougua sisi watu wa kompyuta: kila kilicho cha zamani tunataka kukifuta tuanze upya. Sasa umeingia hata kwenye muziki. Mtu hapa Mbita akipata gitaa la besi kuukuu kwa bei ya kutupa, ataambiwa, "Hiyo takataka ya nini? Nunua kinanda." Upuuzi mtupu!

Saketi ya besi nyingi za zamani ni rahisi kuliko ya redio: koili yenye sumaku, vifundo vya sauti, kapasita na tundu la waya. Hakuna programu ya kupitwa na wakati. Ikikwaruza, mara nyingi ni vumbi ndani ya vifundo. Ikinyamaza, pima koili kwa mita. Ukipata omu elfu kadhaa, yaelekea ni nzima. Mita isiposoma kitu, waya umekatika.

Kinachoamua ni shingo. Ikiwa imepasuka, au imepinda na chuma cha ndani hakiwezi kuirudisha, achana nayo, fundi atakula hela zako bure. Ikiwa imenyooka, nunua nyuzi mpya uanze kazi.

Na tusidanganyane: benga bila besi si benga. Shirati Jazz ya D.O. Misiani haikupata mwendo wake kwa kubonyeza kitufe. Tukizitupa besi hizi, kijana asiye na pesa ya mpya atajifunzia wapi? Kinanda kitampa mdundo uliopangwa na mtu asiyejua hata Rusinga iko wapi.

Mnaopinga, karibuni. Ila njooni na mita.