Tivi haioni seva? Usikimbilie SMB1

Leo nina neno na nitalisema waziwazi: ushauri mwingi anaopewa mtu akishindwa kufungua faili za seva yake ya nyumbani ni ushauri mbaya. Washa SMB1. Zima faiwoli. Mpe kila mtu ruhusa. Kweli, faili zitafunguka. Lakini umetengeneza au umebomoa?

Yalinipata mwenyewe. Nyumbani kwetu Mji wa Kale, Mombasa, nina laptopu kuukuu niliyoitia Linux ikawa seva. Ndani mna kaseti za marehemu babu, nilizozihamisha moja moja, pamoja na video za harusi za kina mama, ambazo si za kila jicho. Kaseti zenyewe zimeshaota ukungu kwa unyevu wa pwani.

Wiki ya Idi niliiwekea seva mfumo mpya. Tivi ya sebuleni, ya miaka mingi, ikaacha kuiona. Ndugu yangu akaja na tarakilishi yake ya Windows 11 Pro, nayo haikuona kitu. Nyanya akaniuliza, "Mwanangu, babu yako umemficha wapi?" Rafiki niliyempigia simu akajibu papo hapo: rudisha SMB1.

Nilikataa, na sababu ni hizi. SMB ni lugha ambayo tarakilishi hutumia kuazimana faili. Kwenye Linux huzungumzwa na programu ya Samba, iliyoanzishwa na Andrew Tridgell wa Australia. (Si dansi! Alitafuta kwenye kamusi neno lenye herufi s, m na b.) Toleo la kwanza la lugha hiyo, SMB1, ni la kizamani na lina matundu. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipitia humo, kikafunga faili za tarakilishi zaidi ya 200,000 duniani, hata hospitali za Uingereza zikarudisha wagonjwa. Kiraka kilikuwa kimetolewa tangu Machi. Samba 4.11 ya mwaka 2019 ikaizima SMB1 mpaka uiwashe mwenyewe.

Utasema, nyumbani kwangu nani ataingia? Kwetu nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta, ruta tunatumia pamoja na wapangaji wa juu, na nenosiri la Wi-Fi wanalijua vijana wote wa barazani. Huo si mtandao wa nyumba, ni mtandao wa mtaa. Laptopu moja yenye kirusi yatosha.

Basi nikaanza chini kwenda juu. Kwanza, je, mashine zinafikiana? Amri ya ping ikajibu. Pili, nikaandika anwani yenyewe, \\192.168.1.20, badala ya kungoja jina litokee kwenye orodha. Seva ikajibu! Kumbe jina halikuonekana kwa sababu utaratibu wa zamani wa kutangaza majina uliondoka pamoja na SMB1. Programu ndogo iitwayo wsdd ikamaliza hilo. Tatu, ikakataa kuingia. Kosa lilikuwa langu: nilikuwa nimeacha folda wazi kwa mgeni yeyote, na Windows 11 Pro haikubali tena ugeni huo. Nikamfungulia ndugu yangu akaunti kwa smbpasswd -a, akaingia.

Ikabaki tivi, ambayo haijui lugha nyingine ila SMB1. Hapo sikuibembeleza. Nikaweka MiniDLNA, inayoirushia tivi sauti na video bila kuipa njia ya kufuta wala kubadilisha faili. Lakini MiniDLNA haiulizi nenosiri, kwa hivyo nikaipa folda ya babu peke yake. Harusi zikabaki nyuma ya nenosiri.

Kazi nzima ilinichukua saa mbili. SMB1 ingechukua dakika mbili, na ningekuwa nimewaachia mtaa mzima amana ya familia. Mtu akikwambia uwashe hiki na uzime kile, muulize kwanza tatizo liko wapi. Akishindwa kukujibu, ujue anabahatisha kwa faili zako.

Usiku wa Idi nyanya alimsikia babu akikohoa kabla ya kuanza kusimulia, akacheka. Asubuhi yake nikaenda kutafuta diski ya pili ya nakala, jambo ambalo ningelifanya mwanzo. Wewe je, yako unayo?