Jiko la Nje Nalo Lina Sheria



Mwezi uliopita mama mmoja wa kigango alifika ofisini akitaka nimwandikie barua. Jiko lake la nje, la matofali ya kuchoma na mabati manane, lilikuwa limetiwa alama ya X kwa rangi nyekundu. Alilijenga kwa fedha ya mahindi ya miaka miwili. Akaniuliza, "Karani, nimejenga uani kwangu. Kupika nako kwataka ruhusa?"

Barua nilimwandikia, lakini sikumficha ukweli. Ua wake waelekea barabara kuu. Hapa Tanzania, kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, eneo la barabara kuu na za mkoa ni mita 30 kila upande, ukipima toka katikati ya barabara. Zamani zilikuwa mita 22.5. Aliyejenga nje ya mpaka ule wa zamani, kabla sheria mpya haijaanza kutumika, ana haki ya fidia barabara ikihitaji sehemu yake. Mama huyu alijenga mwaka 2021. Tulikwenda kupima kwa kamba: mita 26. Mita nne tu zimemponza.

Basi, yafaa kuuliza kabla ya kufyatua matofali. Jiko la miti na udongo katika kiwanja chako kijijini, kwa kawaida hakuna atakayekudai ramani. Hata hivyo mwone mwenyekiti wa kitongoji, kisha mtendaji wa kijiji, maana vijiji vingine vina sheria ndogo zake. Jibu liwe la maandishi, lenye muhuri. Mtendaji akihamishwa, neno lake la mdomo huhama naye.

Kijiji kikitangazwa kuwa eneo la mipango miji, mambo hugeuka. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 yataka kibali cha halmashauri kabla ya kujenga, hata kama babu yako alizaliwa hapo. Siku hizi watu hulala wanakijiji wakaamka watu wa mji, wala hawana habari.

Wanaokaa karibu na mto au ziwa wapime mita 60 toka ukingoni. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya hapo.

Tena mwite jirani, mtazame mpaka pamoja kabla ya kuchimba msingi. Mashauri mengi yaletwayo parokiani huanza kwa moshi na maji ya paa, si kwa shamba. Tazameni na upepo: cheche isielekee nyumba ya nyasi wanamolala watoto.

Yule mama amekwisha kung'oa mabati yake mwenyewe, hakungoja tingatinga. Nafasi ipo upande wa migomba, na mtendaji amempa karatasi. Jumamosi vijana wa jumuiya yake watamsaidia kuhamisha matofali.